Okulari Niliyoiacha Kwenye Droo

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mkiipata kwa mtu mwingine mtaipata na chumvi. Mimi, fundi wa kamera na miwani, mtu niliyemaliza ujana nikichungulia ndani ya vioo, nilipewa mara moja tu kazi ya kuchagulia darubini vifaa vyake. Nikachagua okulari mbili na pete moja ya kufungia kamera. Vyote vitatu havikufaa. Kilichofaa kilikuwa okulari iliyokuja yenyewe ndani ya sanduku bila kuchaguliwa na mtu, nami niliibeba nyumbani nikaifanya kioo cha kutazamia skrubu.

Okulari, kwa nyinyi mliozoea simu zinazojua kila kitu, ni kile kioo kidogo cha nyuma ya darubini, mahali pa kuweka jicho. Darubini bila okulari ni bomba tu, na bomba juu ya paa, katika miaka ile ya vita Bujumbura, halikuwa jambo la kuchekesha.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Vyeo sitavitaja. Ateliye, yaani karakana yetu ya picha na miwani, ilikuwa na watu wawili: Mzee Hamisi wa kwanza, mimi wa pili. Alipochoka nikawa wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, mpaka mlipoingia nyinyi. Chumba mnakijua. Ni kile cha mbele cha nyumba yetu ya Buyenzi, ambacho Mzee Hamisi alikipanga kwa marehemu mama yangu. Ndiyo maana nilipata kazi. Sikuitafuta, ilikuja ikapanga kwetu. Kwenda kazini kwangu kulikuwa kufungua mlango wa sebule, na hata hivyo kuna siku nilichelewa.

Siku ya kwanza nilikuwa nimetoka sekondari, fizikia ya vioo ninayo yote kichwani, na nilitaka ionekane. Mzee Hamisi alikuwa na ile kamera kubwa ya miguu mitatu inayofunikwa kitambaa cheusi. Alimkalisha mama mmoja kwenye kiti, akaniingiza chini ya kitambaa, nikawa natazama kioo cha nyuma.

“Unaona nini?”

“Naona mama amekaa kwenye kiti.”

“Apana. Angalia tena.”

“Mama amekaa, mzee.”

Aliinua kitambaa akanigonga utosini kwa mpini wa bisibisi, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi. “We unaona mama ananing'inia kichwa chini sawa popo, na kiti kiko juu yake. Kwenye kioo sema yenye unaona. Yenye unajua, iweke mufukoni.”

Yule mama akauliza kama picha yake itatoka hivyo. Mzee akamwambia inategemea ataitundika namna gani.

Mwezi mzima wa kwanza nilifuta vioo. Kioo hakifutwi kwa shati, hakifutwi kwa mate, na hakipulizwi na mtu aliyetoka kula karanga. Mwezi wa pili alinionyesha zile bisibisi ndogo ambazo leo ziko mikononi mwenu, na ule ufunguo wa kufungulia pete za lenzi. Msicheke sura yake. Aliutengeneza kwa kunoa spoku mbili za baiskeli, na nimeuona ukifungua lenzi zilizoshinda vifaa vilivyokuja na mikoba yake ya ngozi.

Kisha vita vikaja. Watu wa mji walilalamika sana kuhusu kuvrefe, ile amri ya kila mtu kuwa ndani ikifika saa fulani. Mimi, niseme kweli, nilihisi kama mtu amechukua tabia yangu akaifanya sheria. Kazi haikupungua. Kila mtu alihitaji picha ya kitambulisho, kwa kuwa kila njia ilikuwa na kizuizi na kila kizuizi kilitaka kuona sura mara mbili, ya karatasi na ya mtu. Walikuja watu wa Musaga, walikuja wa Cibitoke. Wa Kinama walikuja kwa miguu siku ambazo njia ilikuwa wazi. Miwani yao niliiweka kwenye bahasha zenye majina, na bahasha nyingine hazikufuatwa tena. Ziko kwenye kisanduku cha bati chini ya meza. Msizitupe.

Sasa nije kwenye mwezi.

Mnajua desturi. Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, jua likizama, watu wanatazama upande wa milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwezi ukionekana, kesho ni kufunga. Usipoonekana, ni siku moja tena ya kula. Mtu mmoja mwaminifu akitoa ushahidi kwamba ameuona, inatosha, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mzee Hamisi. Alikuwa akitoka ateliye na miwani yake, akirudi anasema “upo,” na mama yangu alianza kuroweka maharage bila kungoja msikiti.

Mwaka mmoja wa vita akauona peke yake. Sheikh wa msikiti akamhoji kama shahidi anavyohojiwa: ulikuwa wapi, kimo gani, pembe zimeelekea wapi. Mzee akajibu kuhusu pembe, “Juu, kama siku zote.” Ni kweli, kwetu mwezi mchanga hulala kama bakuli, pembe zikitazama juu. Lakini sauti moja nyuma ikasema, “Hiyo hata mutu mwenye alilala anaijua.” Na nyingine ikaongeza, “Mutu mwenye mtoto wa jicho anaona mwezi namna gani?”

Habari ya mtoto wa jicho ilikuwa kweli. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuwa na ukungu. Aliyempima ni mimi. Aliyeyasema matokeo kwa sauti ya mwalimu, mlango wa ateliye ukiwa wazi na watu watatu kwenye benchi, ni mimi pia.

Mwaka ule nusu ya mtaa walifunga na nusu wakala. Kuna nyumba mume alikuwa na njaa na mke anakaanga samaki. Mzee Hamisi aliambiwa kwa heshima zote apumzishe macho. Aliacha kukaa safu ya mbele msikitini, na alipokuja ateliye aligeuza kiti chake, akawa anakaa akiupa mtaa mgongo. Hakunilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu, ningejitetea kidogo.

Aliyeleta habari ya darubini ni Bwana Salum, muuza vitambaa, wa zile familia za Kiomani zilizokuwa mjini kabla ya barabara. Alikuwa na nyumba ya ghorofa moja yenye paa la saruji, mitaa mitatu kutoka kwetu, na hakupenda kelele. “Tutanunua darubini,” akaniambia, “tutaufunga mwezi kwenye picha, tutaibandika mulangoni mwa msikiti. Mwenye kubisha abishane na karatasi. Na Mzee Hamisi ndiye atachungulia wa kwanza. Hilo ni neno langu.” Mpwa wake alikuwa Dubai akinunua mali. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni darubini gani, na vioo gani.

Hapa vijana msikilize, maana ni ufundi. Ubavuni mwa darubini kuna namba. Ya kwetu ilikuwa mia tisa. Kwenye okulari kuna namba pia. Unagawanya ile kubwa kwa ile ndogo, unapata darubini inakuza mara ngapi. Okulari ya ishirini na tano inakupa mara thelathini na sita. Ya nne inakupa mara mia mbili ishirini na tano. Mimi, na sekondari yangu, nilitazama hesabu hizo mbili nikajiuliza ni mjinga gani atachagua thelathini na sita. Nikaandika: okulari ya nne, na ya sita kwa akiba.

Lakini kila unapokuza zaidi, unaona kipande kidogo zaidi cha mbingu, chenye giza zaidi, na kinachotetemeka mtu akikohoa. Kwa ile ya nne, mwezi mzima hauingii ndani. Kuutafuta mwezi mwembamba kwa okulari hiyo ni kama kumtafuta ndugu yako uwanja wa mpira kupitia mrija wa soda. Hayo yote yako kwenye kitabu cha fizikia. Nilikuwa nacho. Kilikuwa kinashikilia mguu mfupi wa meza.

Pete nayo. Kamera yetu bora ilikuwa ile ya Kirusi, ambayo lenzi yake inafungwa kwa kuzungusha. Nilipima mdomo wake kwa kipimo cha chuma: milimita arobaini na mbili. Pete za darubini kwenye orodha: arobaini na mbili. Nikaona ndoa imekubalika pande zote. Mzee Hamisi, akiwa amenipa mgongo, akauliza, “Meno umehesabu?”

“Nimepima, mzee.”

Hakuuliza tena. Alikuwa anazungumzia meno ya skrubu. Ya kamera yalikuwa yameachana milimita moja, ya pete robo tatu. Macho hayaoni tofauti. Chuma kinaiona kwenye mzunguko wa pili.

Darubini ilifika baada ya miezi, ikiwa imezunguka zaidi ya msafiri wa kawaida, kwa kuwa mipaka wakati ule ilifunguliwa na kufungwa. Ilikuwa nyeupe, ndefu, na ya kutisha. Tuliipandisha juu ya paa mchana, tukaweka ile okulari ya ishirini na tano iliyokuja kwenye sanduku, kwa kujaribu tu. Haikupita nusu saa, tukasikia viatu kwenye ngazi. Alikuwa kaporali wa kizuizi cha chini, na bunduki.

“Hii bomba ni ya nini?”

“Ni darubini, shefu,” akasema Bwana Salum.

“Ya kuangalia nani?”

“Mwezi.”

Kaporali akafikiri. “Mwezi umefanya nini?”

“Bado, shefu. Tunaungoja siku ya ishirini na tisa.”

Alitaka kuona mwenyewe. Nikaielekeza kwenye kizuizi chake. Akainama, akafumba jicho moja. “Mwenzangu anakula muhogo,” akasema, “na amesimama kichwa chini.”

“Darubini ndivyo inavyoonyesha, shefu. Inageuza.”

“Na muhogo haumwagiki.” Akachungulia tena. Kisha akatoa uamuzi: bomba libaki, lakini siku ya mwezi naye atakuwepo juu ya paa, ili ajue linatazama wapi. Bwana Salum akamkaribisha kama mgeni wa harusi.

Nilipoteremka, okulari ya ishirini na tano ilikuwa mfukoni mwangu. Niliiona ya kitoto. Ukiigeuza, ni kioo kizuri sana cha kutazamia skrubu ndogo, na hivyo ndivyo ilivyoishia kwenye droo yangu. Ile ya nne niliijaribu mara moja, nikaona ukungu, nikalaumu hewa. Pete sikuijaribu. Vitu viwili vyenye namba moja, unajaribu nini?

Siku ikafika. Juu ya paa tulikuwa kama watu kumi: sheikh, Bwana Salum, wazee wa mtaa, kaporali, mimi na kamera yangu shingoni, na Mzee Hamisi amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alikuwa amekubali kuja kwa sharti moja, kwamba akikosa kuuona, asiulizwe tena maisha yake yote. Alilisema mbele ya wote. Sheikh alikubali, na nikaona baadhi ya watu wamekubali haraka kuliko sheikh.

Jua likazama nyuma ya Kongo. Nikaifunga kamera kwenye pete, ikazunguka mara moja, ikazunguka nusu, ikauma. Nikaikaza kidogo. Nikataka kuirudisha, ikakataa. Kamera ikabaki imening'inia kwenye pete, si ya darubini na si yangu. Mtu akasema, “Fundi, picha?” Nikasema picha itangoja. Nilipoitoa pete nzima na kamera yake, kwa jasho, mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Nikaweka okulari ya nne. Mzee Hamisi akainama, jicho la kushoto, lile zima.

“Unaona nini, mzee?” akauliza sheikh.

“Ukungu.”

Mtu akaguna. Nikaweka ya sita.

“Ukungu mwingine,” akasema Mzee Hamisi, na bila kuondoa jicho akaninong'oneza mimi peke yangu, “Ile ya kwenye sanduku iko wapi?”

Vijana, mimi si mtu wa kukimbia. Siku ile nilikimbia mitaa mitatu, watu wakafunga madirisha wakidhani kumelipuka kitu. Nikavuta droo ikatoka yote, skrubu zikamwagika sakafuni. Uani, jirani yetu Mama Zaina, aliyekuwa akitufulia, alikuwa anaanua nguo kwenye kamba.

“Fundi, unakimbizwa na nani?”

“Natafuta kioo cha kuonea mwezi.”

“Kioo?” Akasimama na shuka mkononi, akanyoosha kidevu upande wa ziwa. “Lakini, fundi...”

“Baadaye, Mama Zaina.”

Nilirudi paani bila pumzi. Watu wote kumi walikuwa wamelizunguka bomba, wakijadili namna ya kuifungua ile pete, kila mmoja akiwa ghafla fundi. Nikaweka ya ishirini na tano. Mzee Hamisi akashika darubini kwa mikono miwili, akaipitisha polepole juu ya milima kama mtu anayepiga pasi, kushoto, kulia, chini kidogo. Akasimama.

“Upo,” akasema.

“Pembe zimeelekea wapi?” akauliza sheikh.

“Chini.”

Kisha mmoja akacheka puani, na mwingine akasema taratibu, kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko kicheko, “Basi, mzee. Basi, njoo ukae.” Wakati huohuo wingu likapanda kutoka Kongo, na nilipoweka jicho langu mimi, hapakuwa na kitu. Ikabaki neno lake tu.

Na mimi, mwenye kosa la kwanza, la pili na la tatu, nilisimama nimefungua mdomo, kwa kuwa lilikuwapo la nne: sikuwa nimemwambia sheikh kwamba darubini inageuza. Nilipoanza kueleza habari ya vioo, kwa maneno ya sekondari, hakuna aliyenisikiliza. Aliyesikilizwa ni mwenye bunduki.

“Huyo mzee anasema kweli,” akasema kaporali. “Hii bomba inageuza. Mi niliona mwenzangu kichwa chini, na muhogo wake. Mwezi wenu nao itaugeuza, si umeingia kwa bomba ileile?”

Sheikh akamtazama, akamgeukia Mzee Hamisi. “Ulijua inageuza?”

“Niligeuza watu miaka arobaini kwenye kamera yangu. Ninajua.”

“Sasa kwa nini hukusema juu?”

“Mwaka ule nilisema juu, mukasema hata mutu mwenye alilala anaijua. Leo umeniuliza mi naona nini. Mi nimeona chini.”

Ilimfikia sheikh taratibu, kama ilivyotufikia sote. Mtu anayebuni angesema juu, maana juu ndiko kila mtu anakokujua. Chini angeweza kusema tu mtu aliyeuona ndani ya kioo kile. “Kesho tunafunga,” akasema sheikh, na akampa Mzee Hamisi mkono wa kushukia ngazi. Ijumaa iliyofuata mzee alikaa safu ya mbele. Jumamosi alikuja ateliye, akageuza kiti chake kikatazama mtaa, akaniambia nimletee ile kamera na pete yake. Alizitenganisha kwa ule ufunguo wa spoku, na meno ya kamera hayakupona.

Ameshafariki, Mungu amrehemu. Okulari ya ishirini na tano iko kwenye droo ya kulia. Ya nne iko kwenye boksi lake, mpya kabisa, na mtu akija kuuliza, mpeni bure na mumwombe radhi.

Lakini sikuwaambia nilivyorudi nyumbani jioni ile. Nilipita uani kwa mwendo wa mtu aliyefanya jambo kubwa. Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye kibaraza, nguo zote ameshazikunja. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mwezi umeonekana, kwa darubini, na kesho ni kufunga. Akanitazama mpaka nikamaliza.

“Mi niliuona nikianua kanzu zenu,” akasema. “Ulikuwa pale juu ya nyumba ya Salum, mweupe, na nyinyi wanaume kumi chini yake munaangalia bomba.”